Mabegi Yameshashushwa

Nna hasira, na sitaki mtu aniambie nipoe. Watu wanakuja hapa kwangu, wanakaa, wanakunywa kahawa yangu, halafu wanauliza, "Ati kweli Bi Masouda kagombana na wifi yake kwa ajili ya hoteli?" Hilo neno hoteli wanalitamka kama wanatema kokwa. Basi leo ntasema mimi, Kheiria, mdogo wake tumbo moja, niliyekuwemo garini na niliyeyaona yote kwa macho yangu haya mawili. Atakayechukia na achukie, mlango uko wazi.

Kwanza mjue dada yangu ni mtu gani. Masouda kazaliwa Unguja, Malindi, kaletwa Maskati msichana mdogo, katikati ya miaka ya sabini, Kiarabu hakijui ila kile cha msahafu. Akenda dukani kununua mkate, watoto wa mtaani wakimcheka. Hakulia. Alijiandikisha skuli ya jioni, akasoma, akaingia wizarani Al Khuwair kupiga taipu, na siku hizi afisini kwao barua haipandi juu kwa mkubwa mpaka yeye aipitie. Lakini sauti yake huisikii. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Tumenyonya ziwa moja, ila ulimi wote nilichukua mimi.

Akaolewa na Marhoon. Sasa, shemegi yangu si mtu mbaya, nalisema hilo mapema msije mkanambia namsengenya. Hapigi, hatukani, sala yake ya jamaa haimpiti. Ana ugonjwa mmoja tu, nao haujapatiwa dawa: watu watasema nini. Akinunua gari, watu watasema nini. Akipaka nyumba rangi, watu watasema nini. Nyumba yao ya Bawshar ina vyumba viwili vya wageni, na tokea vimejengwa havijapata kulala vitupu. Anatoka mtu Unguja kuja kutibiwa macho, anafikia kwa Masouda. Anatoka mtu Dubai kuja harusini, anafikia kwa Masouda. Dada yangu anarudi kazini, abaya bado iko mwilini, mkono mmoja unafungua mlango wa nyumba na wa pili keshautia kwenye kitunguu.

Na ikifika likizo ya skuli, wanakwenda Sharjah kwa Bi Mahbuba, dada yake Marhoon. Kila mwaka, tokea binti yao Jawaher anatambaa, mdogo wake Saeed hajazaliwa. Majirani wa Bawshar wanaambiwa, "Tunakwenda Dubai kutembea." Kutembea! Marhoon anatembea, watoto wanatembea. Asubuhi anawapakia garini anawapeleka kwenye ile bustani kubwa ya michezo, jina silitaji nisije nikaitwa kwa kadhi, yenye treni za kupinduka kichwa chini, na mabwawa, na lile gurudumu la kupandisha watu juu angani. Masouda hajapata kuliona geti lake.

Mtauliza kwa nini. Kwa sababu nyumbani kwa Mahbuba kuna watumishi wawili, lakini siku anayofika Masouda watumishi wale wanakuwa hawajui kupika. "Wifi, biriani mkono wako," Mahbuba atasema, na kumkumbatia na kumbusu mabega. "Hawa wasichana wangu wananipikia rojorojo. Watu wote wanauliza, Masouda anakuja lini?" Basi wanakuja jamaa kuwaamkia watu wa Maskati, na kuamkia kwetu sisi maana yake ni kula. Mchana wanakuja hawa, usiku wanakuja wale. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Dada yangu akipewa jembe hata viatu hajavua.

Jioni watoto wanarudi, nywele zimewasimama, wanasema wote kwa pamoja. Masouda anawasikiliza huku anakwangua ukoko. "Ile treni ikifika juu kabisa mnaona nini?" Anawauliza kama mtu anayeuliza habari za Makka. "Tunaona bahari, mama!" Anacheka, anaendelea kukwangua. Nimeyaona hayo mwaka baada ya mwaka, maana mimi sina mume wala mtoto, nalikuwa nakwenda nao, namenya thomu jikoni na kujitafuna ulimi.

Sasa ndiyo tuje kwenye mwaka ule wa elfu mbili na tatu. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye afisi ya safari Ruwi, nakata tiketi. Siku moja kikaja kijitabu cha picha: ile bustani ya michezo imejengewa hoteli, mule mule ndani ya ukuta wake. Nikakitia mkobani, nikampelekea dada yangu. Alikuwa anakunja nguo. Akakishika, akakitazama ukurasa kwa ukurasa.

"Kheiria, hii imo ndani hasa? Au wanasema ndani, kumbe ng'ambo ya barabara?"

"Imo ndani. Ukifungua dirisha unaliona gurudumu. Wageni wake wanaingia michezoni asubuhi, watu wa nje bado wamesimama getini. Jua likikaza unarudi chumbani unajinyoosha, alasiri unatoka tena. Chakula kinaletwa. Wala hupiki."

"Wala sipiki," akasema.

Akakifunga kijitabu, akasema jambo ambalo lilinikata maini. "Jawaher mwakani anakwenda kusoma Uingereza, inshallah. Akirudi atakuwa mtu mzima, ataolewa. Mimi na yeye hatujapata kucheza pamoja hata siku moja. Nataka nipande naye ile treni, Kheiria. Mara moja tu." Mwanamke wa miaka arubaini na kitu, mkubwa wa idara, anaomba apande treni na mwanawe. Na nani kamkataza? Hakuna aliyemkataza, hilo ndilo linalonitia wazimu. Hajapata mtu kumwambia usende.

Usiku ule ule tukamkalisha Marhoon ukumbini. Akakitazama kijitabu kwa mbali, kama kinauma.

"Sharjah kuna nyumba," akasema.

"Tunajua kuna nyumba, shemegi," nikamjibu. "Lakini kutoka Sharjah mpaka michezoni kwa foleni ile, unaondoka asubuhi unafika watu wameshajaa. Gari unaliweka mwisho wa dunia. Mtoto akichoka hana pa kulala ila begani kwako. Saeed mwaka jana karudi kajikojolea garini kwa sababu ya foleni, umesahau? Ukilala ndani, chumba kiko hatua mbili. Akili yako inakwambia kipi bora?"

"Si suala la akili. Dada yangu yuko hai, mimi nikalale hotelini kama msafiri asiye kwao? Watu watasema nini?"

Nikafungua mdomo nimpe lake, Masouda akaniwahi. Akasema polepole, macho kayatia kwenye zulia, "Mwaka huu nataka hoteli, baba Saeed."

Wallahi Marhoon alimgeukia kama aliyesikia kabati linasema. Miaka yote ile ya ndoa hajapata kusikia neno nataka kwenye kinywa kile. Akakuna kidevu, akavuta pumzi, akakubali. "Haya. Hoteli. Lakini tutapita kwa Mahbuba tumuamkie."

"Tutamuamkia siku ya kurudi," nikasema.

"Tuingie mji wa mtu, tusimuamkie mpaka tunaondoka?"

"Basi tufikie hotelini kwanza, tuweke mabegi, ndipo tukamuamkie. Mikono mitupu. Shemegi, nakuomba, mabegi yasifike kule."

"Inshallah," akasema. Inshallah ile ya wanaume mnaijua.

Wasiozaliwa katika watu wetu huenda wasielewe kwa nini nilikazania mabegi. Kwetu sisi gari likisimama mlangoni na mabegi yamo ndani, mabegi yanashushwa. Haulizwi mtu. Huwezi kusema napita tu, mtu anayepita habebi begi. Na begi likishapanda ngazi za nyumba ya jamaa yako, kulishusha tena ni kama kumpiga kofi mbele za watu. Ugomvi wa namna hiyo unafika mpaka kwa wajukuu. Marhoon anayajua haya kuliko mimi.

Tukaondoka asubuhi ya Ijumaa, Marhoon anaendesha, Masouda mbele, mimi nyuma baina ya watoto. Saeed, wa miaka tisa, anaimba. Jawaher keshakuwa mwali, anasoma kitabu. Masouda alikuwa kavaa viatu vipya vya mpira, vyeupe, kanunua kwa siri kwa ajili ya kutembea michezoni. Kila saa anaviangalia. Tukapita Barka, tukapita Suhar, kufika kwenye njia panda, badala ya kukata kwenda Hatta, Marhoon akanyoosha kwenda Kalba.

"Shemegi, njia ya Dubai si hiyo."

"Mpaka wa Hatta Ijumaa una msongamano. Huku kweupe."

Huku kweupe! Njia ya Kalba inakutoa Sharjah kabla hujaiona Dubai. Nikataka kurukia usukani. Masouda akapeleka mkono nyuma, akanishika goti, akalibana, maana yake nyamaza. Nikanyamaza. Nnajuta mpaka leo hivi ninavyosema nanyi, bora ningepiga makelele pale pale tukaanguka sote mtaroni.

Tukafika kwa Mahbuba kabla ya sala. "Dakika mbili," akasema Marhoon, "kahawa tu." Hata injini haijazimika, vijana wa nyumba ile wameshafungua buti. Nikashuka mbio nikashika begi la Masouda, kijana kanipokonya kwa adabu, "La, khalti, usijisumbue!" Nikapiga kelele, "Rudisha!" Wakacheka, wakadhani natania. Tulipomaliza kupeana mikono na kuulizana hali na hali za wa Maskati na hali za wa Unguja, mabegi yote yalikuwa juu, kwenye kile kile chumba cha kila mwaka, na vitanda vimetandikwa, na udi unafuka.

Masouda akasema kwa upole, "Wifi, tumechukua hoteli mwaka huu. Tulikuja kukuamkia tu."

Mahbuba akaweka kikombe chini. "Hoteli? Mimi nimekufa? Mmeshanizika, mmeniswalia, na hamkunambia?" Na machozi yakamtoka. Machozi ya kweli, simsingizii. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba Mahbuba si mnafiki. Anatupenda. Mbuzi keshachinjwa, zawadi za watoto zimefungwa karatasi, mito kaibadilisha foronya kwa mkono wake. Anakupenda mpaka unakosa pa kutokea. Akamgeukia kaka yake: "Marhoon, nimekukosea nini?"

Na Marhoon, mwanamume mwenye ndevu, akasema, "Hujakosea, dada. Tunalala hapa. Hoteli tutakwenda kesho."

Ndivyo alivyomuuza mkewe, kwa sentensi moja, na kahawa haijapoa.

Mchana ule Masouda alipika. Usiku ule Masouda alipika. Viatu vyeupe vilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kavaa malapa ya jikoni. Nikampigia simu msimamizi wa hoteli kwa siri, akanambia chumba chetu kipo, kimelipiwa, kinatungoja. Nikamfuata Marhoon uani.

"Shemegi, chumba kinakungoja. Kina kitanda na dirisha, na hakina mtu. Huoni haya?"

"Kheiria, mambo haya yanataka busara. Tuwaridhishe kwanza."

"Mkeo nani anamridhisha?"

Akatazama pembeni. "Masouda hajasema kitu."

Hajasema kitu! Eti kwa kuwa hajasema. Nikamwambia mwenye kovu usidhani kapoa, akaondoka kwenda kutia udhu.

Jumamosi asubuhi akampakia Saeed kwenda michezoni. Jawaher akashuka naye, keshavaa, na Mahbuba akamzuia pale mlangoni, kamshika kidevu kwa mapenzi. "Wewe ushakuwa mwali, mwanangu. Michezo ya watoto ya nini? Kaa umsaidie mama yako." Jawaher akatabasamu, akasema, "Haya, shangazi," akavua viatu. Hakununa hata kidogo. Nalikuwa nimesimama karibu na Masouda, nikauona uso wake. Mimi nikiwa na hasira nachafuka mzima, kila mtu anajua. Yeye alikuwa kakauka tu, na upawa umo mkononi, na mchuzi unadondoka sakafuni.

Jumapili ndiyo siku yenyewe. Baada ya chai Mahbuba akaingia jikoni na habari njema: jamaa wa Ajman wanakuja kwa chakula cha mchana, na wa Al Ain pia, nyumba nzima, kuwaaga watu wa Maskati. Masufuria makubwa yameshapandishwa, nyama inachemka, maziwa yako motoni, mafuta yanapata moto. Masouda anaosha mchele. Mimi namenya thomu na kulaani. Jawaher kakaa chini kwenye mkeka anakunja sambusa, kunja, bandika, panga, vidole vinakwenda vyenyewe bila ya yeye kuangalia.

Mahbuba akasimama akamtazama. "Mashallah, mashallah," akasema. "Mkono wa mama yake hasa. Nyumba itakayompata huyu, imepata." Akatoka, anatabasamu.

Masouda akauacha mchele. Akafunga mfereji, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Jawaher, vaa abaya yako. Tunakwenda."

"Wapi, mama?"

"Hotelini. Kheiria, mwite Saeed."

Nikainuka kwa furaha mpaka nikamwaga maganda. Lakini Jawaher hakuinuka. Alimtazama mama yake kama anayemuonea huruma, kisha akarudi kwenye sambusa zake.

"Nenda na Saeed, mama. Mimi ntabaki. Wageni wanakuja, watakula nini? Shangazi atavunjika moyo."

"Inuka, nimekwambia."

"Mama, aibu. Si kitu, mie michezo siitamani tena. Nenda wewe upumzike, hapa ntapaweza peke yangu."

Masouda akamwendea mpaka pale mkekani. "Nani kakufundisha maneno hayo?"

Mtoto akaona swali la ajabu. Akajibu kwa heshima tu, wala si kwa kumkomoa, "Wewe."

Enyi mnaouliza kwa nini dada yangu kagombana, sikilizeni hapa. Masouda akaenda kwenye jiko. Akazima moto wa nyama. Akazima moto wa maziwa. Akazima mafuta, akazima na ule mdogo wa kahawa. Jikoni kukawa kimya, mpaka unasikia watu wanacheka ukumbini. Kisha akamshika mwanawe mkono, unga na vyote, akamuinua, akatoka naye kupitia ukumbini, mbele za wanaume, hajali, kanga imemuanguka bega. Marhoon alikuwa amekaa na kikombe.

"Funguo za gari," Masouda akasema.

"Unakwenda wapi? Wageni wako njiani!"

"Wapikie."

Nna miaka yote hii sijapata kusikia neno tamu kuliko lile. Marhoon alitoa funguo mfukoni bila ya kujua anazitoa. Nadhani alikuwa bado anangojea lile kabati linyamaze.

Mahbuba akatufuata mpaka getini, kashika kifua. "Masouda! Unanivunjia heshima nyumbani kwangu! Mimi nimekufanyia nini? Nyumba hii si yako?"

Masouda akageuka. Sauti imempanda mpaka majirani wametoa vichwa. "Nyumba hii naijua kuliko unavyoijua wewe, wifi! Nalijua jiko lake, nalijua sinki lake linapovujia, naujua mlango wake wa nyuma. Tokea naolewa nakuja hapa, niambie siku moja niliyokaa kwenye kochi lako mpaka kahawa ikanimalizikia. Siku moja! Nitajie!" Mahbuba akajipangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Nakupenda," Masouda akamwambia, kwa hasira vile vile, "lakini mwanangu huyu simuachi hapa."

"Na mabegi yenu?" Mahbuba akauliza. Ndilo neno lililomjia.

"Yakae!"

Tukaondoka na nguo tulizovaa. Masouda kaendesha na malapa ya jikoni, viatu vyake vyeupe vimebaki kwenye ngazi. Foleni ya Sharjah ilikuwa ile ile, magari yamekaliana mgongoni, na dada yangu, yule asiyesikika sauti, akiwatukana madereva mmoja mmoja kwa Kiarabu na Kiswahili, mpaka Saeed akaziba masikio kwa kicheko. Mimi nalitaka kupiga vigelegele. Jawaher alikaa mbele, anajibandua unga kwenye kucha.

Na kweli hoteli ilikuwa ndani. Dirisha tulifungua, gurudumu lile pale. Jioni ile Masouda kapanda ile treni na Jawaher, na mimi nimesimama chini na Saeed naziona buibui mbili zinapeperuka juu. Dada yangu alipiga ukelele ambao sijui alikuwa kauficha wapi. Aliposhuka, akasema, "Ni kweli, bahari inaonekana." Jawaher akacheka, akamfunga mtandio vizuri. Kisha akauliza, "Sijui shangazi kafanyaje na ile nyama?" Akauliza tena tulipokuwa tunakula. Akauliza tena kwenye lifti. Masouda kila mara anamjibu, "Wana mikono," na kila mara sauti yake inakuwa kali zaidi.

Maneno ya watu yalianza usiku ule ule, kwenye simu. Marhoon kapiga, hakugombana, alisema tu kwamba wageni wamekula chakula cha kununua na kwamba hajui atauweka wapi uso wake. Wengine wakasema mimi ndiye niliyemtia dada yangu maneno. Wapo wanaosema mpaka leo. Wengine wakasema Masouda kalewa kazi ya serikali. Wote wameuliza habari ya wageni, na ya nyama, na ya machozi ya Mahbuba. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya Jawaher.

Basi ntawaambia. Asubuhi tuliswali alfajiri, tukarudi kulala, maana michezo bado haijafunguliwa na hatukuwa na kazi yoyote duniani. Nikaamshwa na sauti ya maji. Masouda naye kaamka, kaketi kitandani, anasikiliza. Tukatazama kitanda cha Jawaher. Kimetandikwa, shuka imevutwa haina kunjo, mto umesimamishwa. Vikombe vya chai tulivyoviacha vimeoshwa vimepangwa. Viatu vya Saeed viko sawasawa mlangoni. Mlango wa choo uko wazi, na mtoto wetu yumo, kapiga magoti, mikono ya nguo kaikunja mpaka kwenye viwiko, anasugua beseni la kuogea kwa kitambaa cha uso.

"Unafanya nini?" Masouda akamuuliza.

"Atakuja mtu kusafisha, mama," Jawaher akasema, hata hakugeuka. "Aibu akute chumba hivi."

Masouda akaenda kwenye kitanda kile, akaishika shuka kwa mikono miwili, akaing'oa, akaitupa. Akaitupa na blanketi. Mito akaitupa mmoja mmoja ukutani, na analia kwa ghadhabu mpaka kamasi zinamtoka. Kisha akamfuata mwanawe chooni, akampokonya kitambaa, akamkokota mpaka kitandani, akamsukuma alale.

"Lala!"

"Mama, mie nimeshaamka..."

"Nimesema lala! Usifanye kitu! Lala tu!"

Jawaher akalala chali kwenye godoro tupu, macho ameyakodoa darini. Kakunja mikono kifuani, akaishusha ubavuni, akaitia chini ya mgongo, akaitoa tena. Mama yake amesimama juu yake anamtazama, na mtoto yule hajui mikono yake aiweke wapi.